Kuku wa Mpwa Aliyezaliwa Ulaya

Siku mliyoniaga mlinipa mwavuli, saa ya ukutani na hotuba. Mwavuli ninautumia. Saa ilisimama kabla sijafika nyumbani. Hotuba ilisema kwamba nimeitumikia ofisi yetu ya kutafuta jamaa kwa unyenyekevu mkubwa, na hapo niliwaona ninyi vijana wa viti vya nyuma mkiinamisha vichwa ili msicheke. Nimewasamehe. Baadaye mkaniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi hii, kwa sababu mafunzo mliyopewa Goma yalihusu kompyuta tu. Nimekubali, ila sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara ulikuwa hadithi. Nitaandika habari za kuku.

Nilianza kazi nikiwa na diploma ya ukarani na viatu vyeupe. Ofisi ilikuwa chumba cha mbao karibu na soko la Masisi. Mkubwa wangu, Papa Anselme, alikuwa katekista wa zamani, mtu mwembamba mwenye koti kubwa ambalo mifuko yake ilijaa karanga. Nilipoketi mbele ya mashine ya kuandika, mgongo umenyooka kama wa mwanafunzi wa kwanza, aliviangalia viatu vyangu kwa huruma.

"Iyo viatu ni ya kwenda wapi?"

"Ni ya ofisi, Papa."

"Ofisi yetu iko mu milima, mutoto yangu. Vaa bote ya mupira, twende Kingi."

Kazi yetu mnaijua. Watu waliozaliwa ng'ambo, watoto na wajukuu wa watu waliotoka huku zamani, wanatuandikia wakiuliza: sisi ni wa nani? Siku ile aliyeuliza alikuwa bwana mmoja wa Kanada. Babu yake alipelekwa ng'ambo kusomea upadri, akawaona wasichana wa huko, upadri ukamtoka. Bwana alitaka kujua jina la baba wa huyo babu. Jambo dogo, nilijiambia. Tulifika Kingi, tukakuta bibi mzee, mjane wa mdogo wake yule mseminari. Nikatoa kalamu na kumwuliza vizuri kabisa, "Mama, baba mkwe wako alikuwa anaitwa nani?"

Bibi aliniangalia kama mtu aliyetemewa mate ndani ya chungu. Akachukua jembe, akaenda kwenye maharagwe yake, na hakurudi. Papa Anselme alikula karanga mpaka nilipomaliza kuona haya.

"Bibi ya muntu hawezi kutaja jina ya baba mukwe wake," aliniambia. "Umemwambia avue nguo mbele ya bageni."

"Sasa tutamwuliza nani?"

"Muntu mwenye ruhusa ya kumutukana ule muzee."

Tulivuka mfereji, tukaingia ua wa pili. Pale alikuwapo mzee mmoja ambaye mama yake alikuwa dada ya yule marehemu tuliyekuwa tunamtafuta. Papa Anselme hakuuliza jina. Aliuliza tu, "Ule mujomba yako alikuwa muntu wa namna gani?" Mzee aliruka juu ya kiti. Kwa pumzi moja alitupa jina la mjomba, jina la baba wa mjomba, ukubwa wa pua yake, ubahili wake, na siku alipotumbukia ndani ya mtumbwi wa kukamulia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akatolewa amelewa bila kunywa. Nilishindwa kuandika kwa kucheka.

Baadhi yenu mmekulia mjini, kwa hiyo nieleze. Katika familia nyingi za wakulima wa milima yetu, mtoto wa dada, yaani mpwa, au mwipwa kama tunavyosema nyumbani, ni mfalme kwa mjomba wake. Haombi. Anaingia uani, anakamata kuku, anaondoka naye. Mjomba hana la kufanya ila kulalamika kwa sauti kubwa, na kulalamika huko ni sehemu ya heshima yake, maana ndiko kunakowajulisha majirani kwamba ana mpwa. Mpwa anamtukana mjomba apendavyo, miguu, pua, uchoyo, yote ruhusa. Kadiri tusi linavyonuka ndivyo upendo ulivyo mkubwa. Na mjomba akifa, mpwa anasimama mbele ya kaburi, anataja ubaya wake wote mbele ya watu, halafu anakataza udongo usirudishwe mpaka apewe mbuzi wake. Mtu aliyezikwa bila matusi ya mpwa amezikwa kama mpita njia.

Basi Papa Anselme alijenga kazi yake yote juu ya jambo hilo. Ukimwuliza mtu jamaa zake ni akina nani, atakutajia wenye jeep. Ukimwuliza ni nani amewahi kuchukua kuku wake bila kuomba, atakuambia kweli tupu, tena amekasirika na kufurahi pamoja. Nilipokwenda Burungu, kwa wafugaji, niliona kwamba habari za kuku haziwapandishi damu, nikajifunza kuuliza habari za ng'ombe. Kule mtu anaweza kumsahau babu wa babu, lakini hamsahau ng'ombe aliyetolewa siku ya kumwoa bibi, na mwenye ng'ombe huyo hayuko mbali na babu.

Miaka ilikwenda. Papa Anselme alipoacha kazi aliniachia ofisi na koti, karanga zikiwamo. Mashine ya kuandika ilikufa, simu zikaja, na watu wa ng'ambo wakaanza kutuletea majibu ya mate yao. Wanatema ndani ya kichupa, wanalipa, wanaambiwa kwamba wametoka Afrika ya Kati. Dada mmoja alinionyesha jibu hilo kwa fahari, naye alikuwa mweusi kunishinda mimi. Nilimwambia kwamba hata kioo kingemwambia hivyo bure. Na wakija wenyewe, hapo ndipo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu mgeni mwenye valizi ya magurudumu hakosi ukoo. Kuna kijana alitoka Bruseli akitafuta babu mmoja. Kabla sijamaliza kunywa chai, watu walikuwa wamempatia watatu, na mmoja wao alikuwa mdogo kuliko baba wa kijana mwenyewe. Niliwauliza mababu wote watatu ni nani aliyekuwa akiwaibia kuku. Wawili walikumbuka kwamba wana kazi shambani.

Lakini kesi ninayotaka mbaki nayo ni ile iliyoingia mlangoni kinyume.

Asubuhi moja alikuja mzee, miguu imevimba, mkononi fimbo, kwapani kuku mwekundu. Alikaa bila kukaribishwa. Kuku naye alikaa.

"Miye ni Bauma wa Kingi," alisema, "ila sasa niko mu kambi ya Lushebere. Niko natafuta muntu wa kunitukana."

"Papa, pita sokoni, utapata wengi."

Hakucheka. Alisema kwamba alikuwa na dada mmoja tu, Feza. Akiwa msichana, Feza alikwenda Walikale kupika kwa daktari mgeni na mke wake. Wale walipomaliza kazi yao walimchukua akawalelee watoto huko kwao. Siku ya kuaga alimwambia kaka yake kwamba atarudi kabla maharagwe hayajakauka. Maharagwe yalikauka, yakapandwa tena, na wote wawili wakazeeka. Habari pekee iliyofika ni kwamba Feza alizaa mtoto huko. Tangu siku ile Papa Bauma alitenga kuku mmoja kuwa wa mpwa. Kuku huyo akizeeka, anamweka binti yake mahali pake. Vita ilipofika Kingi, majirani walikimbia na magodoro na sufuria. Yeye alikimbia na kuku.

"Muganga amesema moyo yangu imechoka," alisema. "Sina mwipwa mwingine. Nikikufa sasa, batanifunika tu, kimya, kama paka."

Nilimweleza kwamba ofisi yetu inawatafutia watu wa ng'ambo mababu wao, haijawahi kumtafutia babu watu wa ng'ambo.

"Basi kazi yenu imebakia nusu," alijibu. "Babu iko hapa. Mutafute ile nusu ingine."

Nilipenda jibu hilo, na niliogopa macho yake. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama fundi ambaye hakuna mwingine. Kesho yake nilivaa bote za mpira na koti, nikapanda pikipiki kwenda Walikale.

Nasema nilipanda, lakini anayejua ile barabara anajua kwamba abiria wa pikipiki ni mtu anayelipa ili atembee. Kila penye tope dereva alikuwa akisema, "Mama, shuka kidogo," na tope halikwisha mpaka msituni. Walikale niliwauliza wazee habari za Feza, mpishi wa daktari, hakuna aliyemkumbuka. Nikabadilisha swali. Nikauliza ni nani wa zamani aliyejua jikoni za wageni. Wakanionyesha Mama Sifa, bibi mnene aliyekuwa akikaanga ndizi kando ya njia kwa wachimba madini.

"Feza?" alisema bila kuacha kugeuza ndizi. "Ule mwizi! Alikuwa anamaliza wali, anasema ameonja tu."

Nilijua nimefika. Nilimwuliza yule daktari alikuwa mtu wa nchi gani.

"Sijui inchi. Ila haikuwa Kifaransa. Kifaransa miye nakijua kusikia. Yabo walikuwa banasema ile luga ya kukohoa."

Nilikula ndizi tatu nikitafakari lugha ya kukohoa. Nilikuwa nimekwisha kuwapeleka milimani Wabelgiji wa kutosha kujua kwamba nusu yao wanaongea Kifaransa na nusu wanasafisha koo. Nilimbusu Mama Sifa kwenye shavu lenye mafuta, nikarudi Masisi, hasa kwa miguu.

Kisha nilikwenda Lushebere na simu, nikamrekodi mzee mbele ya hema lake la shitingi, yale maturubai ya msaada. Alisafisha sauti kama anahubiri. "Miye ni Bauma wa Kingi, kaka ya Feza aliyepika Walikale. Mutoto ya Feza, uko wapi? Kuku iko anazeeka." Basi. Niliituma sauti hiyo kwa kila Mkongomani niliyemjua Ubelgiji, nao wakaisambaza kwa wanakwaya, kwa wauza vitenge, kwa vikundi vya maombi. Majibu yalimiminika. Sikujua kwamba Feza alikuwa na uzazi namna ile. Wapwa walijitokeza Antwerpen, Liège, mpaka mmoja kutoka Australia, ambako Feza hakukanyaga.

Nilimpelekea mzee sauti zao, akazisikiliza moja baada ya nyingine. Wote walikuwa na adabu. "Jambo sana mujomba mupendwa, tunakuheshimu, tunakuombea." Mmoja aliuliza kwa upole kama shamba la Kingi lina hati.

"Huyu ananipenda sana," alisema Papa Bauma. "Haiko wangu."

Alianza kupungua. Nilipokwenda kumwona sikumkuta tena nje, alikuwa ndani amelala, kuku amefungwa kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda. Mimi, ambaye mnadhani sina haya, nilianza kupita njia nyingine ili asiniulize.

Halafu ikaja sauti moja ya mwanamke, ya hasira, Kiswahili chake kimevunjika kikaungwa na Kifaransa. Niliisikiliza mara nyingi sana, nimeishika kwa moyo.

"Miye ni Godelieve. Mama yangu alikuwa Feza, amekufa. Musinitumie tena ile sauti, s'il vous plaît. Mama alikuwa anachukia kaka yake mupaka mwisho. Tangu niko mutoto alinifundisha kumutukana. Mwizi wa mayai, miguu ya bata, mukojoa kitanda mupaka siku ya ndoa. Kila siku mbele ya kulala, kama sala. Alisema siku nikimuona nisimusalimie, nimunyang'anye kuku. Sasa munataka nikuye kumupenda namna gani?"

Nilikaa chini. Nilicheka mpaka mama wa duka la jirani akaja kuangalia, na akanikuta ninalia. Mnaona lililotokea? Feza alimlea mtoto wake nchi ambayo haina mjomba wa kuibiwa kuku. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa kule kule. Hakukuwa na mpwa mwingine wa kumtazama, wala jirani wa kumweleza. Feza alimpa binti yake kitu kilekile ambacho kila mama wa huku anampa mwanawe, na hakufikiri kukifafanua, kwa sababu nani anafafanua maji? Mtoto akakua akijua kwamba ana adui mmoja duniani, na adui huyo anakaa Kingi.

Nilipanda mpaka Lushebere bila kusimama. Mzee alisikiliza amefumba macho.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Miguu ya bata," alisema polepole, na machozi yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. "Ile ni Feza mwenyewe. Amemufundisha muzuri. Hata moja hakusahau."

Jioni nilimpigia Godelieve. Anaendesha tramu, lile gari la reli linalopita katikati ya mji, na alikuwa kituoni akingoja zamu. Nilimweleza habari za mpwa, kuku, matusi na kaburi, kama nilivyowaeleza ninyi. Nilisikia kengele ya tramu, na watu wakikohoa katika lugha yao.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "alikuwa ananiambia kama anamupenda?"

"Kila siku mbele ya kulala," nilimwambia.

Alikuja barabara ilipotulia. Ni mwanamke mrefu, mwenye mvi kidogo, mwenye tabia nzuri kupita kiasi. Aliomba ruhusa kabla ya kukaa kwenye kiti changu. Aliomba ruhusa kabla ya kufungua dirisha la jeep. Njia nzima nilimwonya: hapana salamu, hapana kupiga magoti, hapana zawadi kwanza. Unaingia, unakamata kuku, unatukana. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama dereva anayesomewa sheria za barabara. Niliridhika, na hapo ndipo nilipokosea.

Kambi nzima ilikuwa imetoka. Papa Bauma alikuwa amevishwa koti na kuketishwa mlangoni, kuku wake amefungwa karibu na fimbo ili pasiwe na shida. Godelieve alimwona. Akasahau yote. Aliinama, akanyoosha mikono miwili, akasema kwa sauti ya kanisani, "Jambo mujomba. Samahani kwa kuchelewa."

Uso wa mzee ulizimika mbele ya macho yangu. Aligeuka kwangu, si kwake.

"Nyota," alisema, "umeniletea mugeni."

Sijapata kuogopa kazini kama wakati ule. Nilimfinya Godelieve mkono, finyo la mtu aliyeachiwa koti na katekista. Alishtuka, akakumbuka, akatazama huku na huku, na akamrukia kuku. Lakini hakuwa kuku aliyefungwa mlangoni. Alikuwa kuku wa Mama Chantal wa hema la pili, mtagaji, mwenye mbio. Walipita chini ya kamba za nguo, wakapita katikati ya masufuria, mtu akapoteza maharagwe yake. Godelieve alianguka, akaamka na tope mpaka shingoni, kuku mkononi.

"Mwizi!" alipiga kelele Mama Chantal, na alikuwa na haki. Wanawake walisimama na miiko. Kambini neno hilo si la kuchezea, watu wameumizwa kwa kitu kidogo kuliko kuku.

Na hapo Papa Bauma, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akipelekwa chooni kwa kushikwa, alisimama peke yake.

"Mumuache!" aliunguruma. "Ni mwipwa yangu! Angalia, hata kuku hajui kuchagua, kipofu kama mama yake!"

Godelieve alifuta tope machoni. Nilimwona akivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mgeni tena, wala ya kanisani.

"Nyamaza weye, miguu ya bata! Mwizi wa mayai!"

Kambi ililipuka. Mzee aliiangalia miguu yake iliyovimba, akaiona kweli ni ya bata, akacheka mpaka akakosa kiti na kukaa chini. Godelieve alikaa naye chini, matope yote, na wakashikana wakilia na kutukanana, naye Mama Chantal akawa anadai kuku wake pembeni. Kesi hiyo ilipelekwa kwa mkubwa wa kambi na haijaisha mpaka leo.

Alikaa kwa mjomba wake mpaka likizo ilipokwisha. Kuku wa kweli alimchukua siku ya mwisho, kwa utaratibu, mzee akilalamika kwa sauti iliyofika barabarani. Kwa kuwa kuku hapandi ndege, aliachiwa mzee huyohuyo amchunge.

Papa Bauma alikufa wakati wa mvua, miezi michache kabla ninyi hamjaninunulia saa. Barabara ilikuwa imekatika, Godelieve hakuweza kufika. Wana wa mzee walikubali azikwe kwake Kingi, chini ya shamba lake. Nilimpigia Godelieve, tukapanga atasema kwa simu yenye spika, mimi nikiishika juu ya kaburi. Mpango mzuri wa ofisini. Tulipofika tukakuta kwamba Kingi ina resau, yaani mtandao wa simu, mahali pamoja tu, juu ya kilima, kwenye mti wa mkaratusi uliokatwa kichwa. Kaburi lilikuwa chini bondeni.

Padri aliangalia mawingu. Wana wa marehemu walishika makoleo. Walikuwa na mbuzi tayari, lakini mbuzi bila matusi ni nyama tu. Wote walinitazama mimi.

Basi huo ndio unyenyekevu mkubwa mliousikia katika hotuba. Nilipanda kilima, umri huu, na koti la Papa Anselme limelowa jasho, nikasimama kwenye mkaratusi na simu sikioni. Godelieve alikuwa akisema kutoka Ubelgiji, nami nikawa ninarudia kwa sauti yangu yote, mbele ya padri, Wakristo na marehemu.

"Anasema weye ni mwizi wa mayai!"

"Eeeh!" waliitikia chini.

"Anasema miguu ya bata! Anasema ulikojoa kitanda mupaka siku ya ndoa!"

"Eeeh!" Na nilimwona padri akijifuta uso kwa muda mrefu.

"Anasema ulikuwa muchoyo, ulikaa na kuku yake miaka yote, ukamungojesha mupaka amekuwa na mvi!"

Halafu simu ikanyamaza. Sikujua kama ni resau au ni yeye. Mvua ilianza. Chini hakuna aliyegusa udongo. Niliita, "Godelieve? Godelieve?" Nikasikia kwamba resau ipo. Alikuwa analia tu, na nyuma yake kengele ya tramu ilikuwa ikigonga, watu wakimngoja.

"Mama Nyota," alisema, "mwambie aende sasa. Feza iko anamungoja na fimbo."

Sauti yangu ilikuwa imekwisha, lakini nililirudisha neno hilo mpaka likafika chini. Mtoto mkubwa wa marehemu akaninyooshea kamba ya mbuzi kutoka kule chini. Nilimwuliza Godelieve, akasema ameipokea. Ndipo wakafukia.

Mbuzi tulimla. Kuku nimemchukua mimi, kwa sababu mtu lazima amchunge, na aliyepo sasa ni binti wa yule mwekundu aliyekuja ofisini. Godelieve ameniambia atakuja tena barabara ikitengenezwa, na kwamba kwa kuwa mjomba hayupo, atakuja kuiba kwangu. Siku mkipita nyumbani mkasikia ninapiga kelele za mwizi, msije kunisaidia. Nitakuwa nawajulisha majirani.